Mizunguko ya kufunga na mizunguko ya kukaza hutofautianaje?

Swali
Habari zenu. Maelekezo ninayofuata ya kuunganisha nguzo mbili zilizopishana kwa umbo la msalaba yanataka mizunguko mitatu ya kufunga, kisha miwili ya kukaza. Kwangu mimi yote ni kuzungusha kamba tu. Je, kuna ubaya gani nikizungusha mara tano kwa namna ileile na kumalizia kwa fundo?

Jibu la kwanza
Ndugu, tofauti iko katika njia ambayo kamba inapita. Mizunguko ya kufunga huzikumbatia nguzo zote mbili: kamba hupita mbele ya moja, nyuma ya nyingine, na kila mzunguko hulala kando ya uliotangulia bila kuupanda. Mizunguko ya kukaza haiizunguki miti hata kidogo. Hupitishwa katika upenyo ulio kati ya nguzo hizo, ikaizunguka ile kamba ya kwanza yenyewe na kuibana katikati. Kamba ambayo tayari imenyooka ikivutwa kwa ubavu, nguvu ndogo ya mkono huzaa mvutano mkubwa kuliko ambao ungeupata kwa kuivuta kwa urefu wake, na hapo ndipo ulegevu uliobaki katika ile mitatu unapokwisha. Ukizungusha mara tano kwa namna moja utapata bunda nene la kamba lisilo imara, kwa kuwa kila mzunguko utabaki na ulegevu wake.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila kukaza hakufidii uzembe wa mwanzo: kila mzunguko wa kufunga uvutwe barabara kabla ya kuanza unaofuata. Vilevile, aina ya kamba ina maana. Ya nailoni hurefuka inapobeba mzigo, hasa ikilowa, ilhali ya katani huvimba na kufupika inapolowa, kisha hulegea ikikauka. Kwa hiyo kiungo kikaguliwe baada ya mvua, kamba iwe ya aina yoyote. Hali moja ni tofauti, nayo ni pale nguzo zinapofungwa zikiwa sambamba ili baadaye miguu yake itanuliwe kama mkasi. Hapo usikaze kupita kiasi, kwa sababu kule kutanua kwenyewe kunaongeza mkazo, na ukizidisha nguzo zitakataa kufunguka.

Muulizaji
Nashukuru sana, sasa nimeelewa. Na kamba ikiwa fupi, nipunguze ipi?

Jibu la kwanza
Kwa kazi nyepesi punguza mmoja wa kufunga, lakini ile ya kukaza usiiguse. Kiungo kikitarajiwa kubeba mtu, usipunguze chochote. Tafuta kamba ndefu zaidi, tena ubakize urefu wa kutosha ili fundo la mwisho lifungwe kwenye nguzo yenyewe.