Wanaosoma Biblia kila siku: mpango upi haujakushinda?

Mama_wa_Kimara

Bwana Yesu asifiwe wadau. Naomba tulinganishe mipango ya kusoma Biblia, bila kutishana. Huu ni mwaka wa nne naanza Januari mosi na Mwanzo 1, na miaka mitatu yote nimezikwa palepale, Mambo ya Walawi. Nikakaa nikapiga hesabu, kumbe shetani nilikuwa namsingizia. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukisoma tatu kila siku na tano Jumapili, mwaka unamaliza. Sasa Mwanzo ina sura 50, Kutoka 40. Kwa mwendo huo Walawi inakukuta wiki ya mwisho ya Januari: ada umelipa nusu, mshahara haujaingia, na wewe umekaa unasoma kuhani anavyomkagua mtu kipele siku ya saba.

Ratiba yangu muijue kabisa. Naamka saa kumi na nusu, chai, sare za watoto wawili, saa kumi na mbili kasoro nipo kituoni nasubiri mwendokasi ya Kivukoni. Narudi saa moja usiku. Nilivyojaribu ni hivi:

Moja kwa moja, Mwanzo hadi Ufunuo. Raha yake hujiulizi leo unasoma wapi. Ubaya wake ni deni. Ukikosa siku mbili unadaiwa sura sita, mtoto akilazwa wiki unadaiwa 23. Nilifika mahali nasoma Neno la Mungu kama mtu anayekimbizana na rejesho la mkopo wa kausha damu.

Sehemu nne. Jirani alinipa karatasi ya mpango wa Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee kule Scotland, aliyewaandalia washarika wake mwaka 1842. Kila siku sura nne, kila moja kutoka sehemu yake: Januari mosi ni Mwanzo 1, Ezra 1, Mathayo 1 na Matendo 1. Mwisho wa mwaka umepita Agano la Kale mara moja, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Utamu wake, Walawi ikikukausha, Injili iko pembeni. Lakini hadithi nne kwa kichwa cha saa nne usiku! Tarehe 27 Januari ratiba ina Esta 4, ya Mordekai, na Matendo 27, ya Paulo kuvunjikiwa na meli. Nikamsimulia mume wangu jinsi Mordekai alivyovunjikiwa na meli. Alinyamaza kidogo, akaniambia nilale.

Kikundi cha WhatsApp. Ukisoma unaandika "Nimesoma". Siku moja mratibu alikosea kuandika, akatuma "Leo: Danieli 15", na Danieli yetu ina sura 12. Hadi saa tano asubuhi watu 19 walikuwa wameshajibu "Nimesoma, amina". Wa kumi na nane nilikuwa mimi.

Kusikiliza, hedifoni masikioni ndani ya mwendokasi. Huku nilifika mbali zaidi, mpaka Hesabu 7. Ile sura ina mistari 89, wakuu kumi na wawili wanaleta sadaka ileile, sahani ya fedha shekeli 130, bakuli shekeli 70, na inasomwa mara kumi na mbili neno kwa neno. Nilidhani simu imekwama, nikaizima na kuiwasha pale Ubungo.

Haya, leteni uzoefu.

Jumuiya_Kibosho

Tumsifu Yesu Kristo. Nimecheka kwa sauti ofisini. Danieli ya kwetu Wakatoliki ina sura 14, kwa hiyo hata sisi tusingekuokoa.

Mzee_wa_Nidhamu

Hakuna mpango hapa, kuna uvivu. Muda wa tamthilia mnao. Mimi naamka saa tisa usiku, nasoma sura zangu, nimemaliza Biblia mara sita. Mwenye nia hatafuti karatasi ya Mskoti.

Zamu_ya_Usiku

Shikamoo mzee wangu. Saa tisa usiku mimi nipo wodini, nina wagonjwa thelathini na mwenzangu mmoja. Sasa hiyo ya kuamka naamkaje na sijalala?

Mama Kimara, mimi ni muuguzi, na kilichoniponya ni kuacha tarehe. Mipango mingi imeandikwa kwa mtu ambaye Jumatatu yake inafanana na Jumatatu nyingine. Yangu haifanani. Naingia usiku mara tatu, napumzika, naingia mchana. Basi nilichukua daftari la mraba, nikaandika majina ya vitabu vyote upande wa kushoto na namba za sura zao. Tarehe hakuna. Nikisoma sura naizungushia kalamu. Kuna siku nazungushia sita, kuna wiki sizungushii kitu. Daftari halinidai.

Nilianza Machi mwaka juzi, leo niko Yeremia 20. Mwaka mmoja wa kumaliza ulishapita, wala sikuusikia ukipita. Walawi ilinichukua wiki tano, na nilipofika zile sura za ukoma na kutengwa siku saba nilisoma polepole, maana kazi ya kumtenga mgonjwa na kumwangalia tena naijua.

Angalizo: ukiwa mtu wa kusukumwa, huu mpango utakulaza. Mdogo wangu nilimwandikia daftari kama hilo, lina duara nne.

Jumuiya_Kibosho

Sasa nirudi kwenye mada. Sisi tuna masomo ya Misa ya kila siku, umeshapangiwa. Jumapili ni mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C. Siku za kawaida somo la kwanza linakwenda kwa miaka miwili, Injili ni ileile kila mwaka. Kwa mtu mwenye pilika huu ni mwepisi: masomo mafupi, dakika kumi umemaliza. Ukikosa Jumanne, Jumatano inaanza upya na ya kwake. Na Alhamisi kwenye jumuiya ndogo ndogo tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja, kwa hiyo Padre akipanda kuhubiri, mama muuza ndizi ameshaitafakari kabla yake.

Kasoro niseme ukweli: Biblia yote hupiti. Zile sura tisa za majina mwanzoni mwa Mambo ya Nyakati hukutani nazo kabisa. Ingawa tarehe 17 Desemba tunasomewa ukoo wa Yesu kwa Mathayo, na msomaji wa kwetu akifika kwa Zerubabeli kanisa zima linashika pumzi.

Tukuyu_Mvua

Mmewasahau Wamoravian. Sisi tuna maneno ya kila siku, mstari mmoja wa Agano la Kale na mmoja wa Agano Jipya. Ule wa Agano la Kale unaokotwa kwa kura, kama bahati nasibu, kule Herrnhut, Ujerumani, miaka mitatu kabla, kisha unatafutiwa mwenzake wa Agano Jipya. Zinzendorf, kiongozi wetu wa zamani, ndiye aliyeanza kuwapa watu neno la siku mwaka 1728, na kitabu cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891, utaratibu huo kwao ulikuwa na umri kuliko babu zao.

Bibi yangu alikuwa anausoma mstari jikoni kabla ya kuwasha moto, kisha anaurudia siku nzima shambani, kwenye chai. Mistari miwili tu. Jioni anatuuliza. Ukimjibu vibaya hakupigi, anaurudia tena mpaka unachoka wewe. Mpaka leo mistari ninayoikumbuka kichwani ni ya jikoni kwa bibi. Ya mipango ya sura tatu tatu sina hata mmoja.

Mzee_wa_Nidhamu

Mistari miwili ni kuonja mchuzi, huo si mlo.

Tukuyu_Mvua

Mzee, shikamoo. Tutajie basi mstari mmoja wa jana.

Wa_Eldoret

Bwana asifiwe. Mimi niko Kenya, nauza mafuta kwa kituo cha petroli, tunapokezana mchana na usiku. Mama Kimara, wacha nikupe hesabu moja. Agano Jipya lina sura 260. Gawanya kwa wiki 52. Unapata tano kamili. Yaani sura moja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, na mwaka ukiisha Agano Jipya limeisha, bila haraka. Jumamosi na Jumapili hazina sura. Hizo ni siku za kulipa kama uliruka.

Deni haliwezi kuwa kubwa kwa sababu kila wiki ina milango miwili ya kutokea. Huo mpango wa sura tatu na tano unakuachia kama siku tatu tu za kuugua mwaka mzima. Nani ako na mwaka kama huo?

Mimi husoma nikingoja lori la mafuta lishushe. Lori halina haraka.

Dada_Maskati

Habari zenu. Mimi nipo Oman, nafanya kazi za ndani, simu naishika usiku tu. Kanisani naenda Ijumaa, huku ndiyo Jumapili yetu, na si kila Ijumaa napata ruhusa.

Njia yangu ni ya kizembe lakini imedumu miaka miwili: Methali. Ina sura 31, kwa hiyo tarehe ndiyo sura. Leo tarehe ngapi, basi. Sihitaji bando, karatasi wala mtu wa kunikumbusha, kalenda iko ukutani jikoni kwa mama mwenye nyumba. Ukikosa tarehe 9 utaikuta mwezi ujao.

Tatizo ni moja, Methali 31 ndiyo ya mke mwema, na miezi mitano haina tarehe 31. Naisoma mara saba tu kwa mwaka. Labda ndiyo maana mpaka leo sijaolewa.

Jumuiya_Kibosho

Februari unapoteza tatu kwa mpigo, dada. Fidia.

Mchungaji_Kijijini

Niongeze kidogo kuhusu huyo M'Cheyne, maana mzee hapo juu kamwita Mskoti kama vile ndiye aliyewatwika watu mzigo. Kwenye barua ileile ya kuwapa ratiba aliwatajia washarika hatari zake kabla ya faida: kusoma kwa mazoea, kujiona wema, kupitisha macho tu, na baadhi yao kuiona kuwa nira nzito isiyobebeka. Alifariki mwaka uliofuata, 1843, akiwa na miaka 29. Kijana kabisa, na alishajua washarika wataishia wapi.

Kwa uzoefu wangu wa usharika, watu hawashindwi Walawi. Wanashindwa siku ya pili baada ya kukosa. Aibu ndiyo inafunga Biblia. Kwa hiyo nikimpa mtu mpango huwa namuuliza: ukikosa siku tatu, karatasi hii itakwambia nini? Kama itakwambia "unadaiwa", wewe mama mwenye watoto wawili na mwendokasi, iache. Kama wewe ni mstaafu mwenye bustani, ichukue.

Mzee_wa_Nidhamu

Mchungaji umenilenga. Nimestaafu ndiyo, na bustani ninayo. Nilipokuwa kazini nilimaliza mara moja, zile tano ni za baada ya kiinua mgongo. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Mstari wa jana ulioniuliza, Tukuyu: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Marko 9:24. Nilikuwa nao, nilikasirika tu kuulizwa.

Tukuyu_Mvua

Mzee, heshima yako.

Mama_wa_Kimara

Nimesoma yote. Zamu, daftari nimelipenda ila najijua, mimi ni yule mdogo wako wa duara nne. Ya Misa ningeichukua kama ningekuwa na jumuiya ya kunisubiri Alhamisi. Nakwenda na 260 ya Eldoret, kuanzia Mathayo, na nimeiba jiko la bibi wa Tukuyu: mstari mmoja wa sura ya siku nauandika kwa chaki kwenye mlango wa friji. Nasoma saa kumi na nusu maji yakichemka. Sura moja na sufuria la chai vinakwenda sawa, nimepima. Nitaleta mrejesho.

Mama_wa_Kimara

Mrejesho, wiki ya saba. Niko Marko 7. Nimekosa siku sita jumla: mbili za homa ya mtoto, mbili za msiba, mbili za uvivu (Mzee, umeshinda mbili). Zote nilizifidia Jumamosi nikifua, hapo nasikiliza, na kwa Injili kusikiliza hakunikwamishi kama ile Hesabu.

Kitu ambacho sikukitegemea ni friji. Mdogo wa darasa la pili anasoma chaki kabla ya kufungua maziwa. Lugha ya Union, ile tafsiri ya zamani, inamshinda mahali, "Efatha" alidhani ni jina la mtoto wa shuleni kwao. Bibi yao mzaa baba hataki kusikia tafsiri ya Habari Njema, ile ya lugha nyepesi, anasema Biblia ni Union. Nimeamua friji liwe la Habari Njema na Biblia ya mezani iwe ya bibi, amani ikapatikana.

Wa_Eldoret

Uko nyuma sura moja wewe. Wiki saba ni 35. Mathayo 28 na Marko 7 ni 35. La, uko sawa. Samahani mama, lori limefika.