Plagi zilizolegea au kuungua ndani ya kompyuta ya mezani: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada: Ndugu wanajamvi, leo nimefungua kompyuta iliyokuwa ikijizima kila kazi inapokuwa nzito, nikakuta tundu moja la plagi ya pini 24, ile kubwa inayopeleka umeme kwenye mazabodi (ubao mkuu), limegeuka kahawia na plastiki yake imevimba, ilhali pawa saplai yenyewe (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ni nzima. Wengi hubadilisha RAM, Windows na hata mazabodi kabla ya kutazama plagi. Aliyekutana na jambo hili atueleze.

Kisiki: Yamenikuta. Ilianza kujizima, harufu ikafuata.

Mlinzi wa Zamu: Mada hii imenigusa. Kompyuta yangu ilikuwa ikichakata video usiku, mara skrini ikawa nyeusi na feni za kadi ya grafiki zikaanza kuvuma kwa nguvu zote. Harufu ya plastiki ilipojaa chumba nilichomoa waya wa ukutani. Plagi ya kadi, ile ndogo ya pini 16, ilikataa kutoka kwa sababu ilikuwa imeshikana na soketi, na ilipotoka iliacha ndani kipande cha chuma cheusi, huku matundu mawili ya pembeni yakiwa yamefumba kabisa. Alama ya kuyeyuka ilionyesha wazi kwamba plagi haikuwa imezama hadi mwisho, kwani kifuniko cha kasha kilikuwa kikizikandamiza waya na kuivuta upande mmoja. Niliogopa sana, maana watoto walikuwa wamelala chumba cha pili.

Fundi Makini: Pole sana, ndugu. Plagi hiyo inaruhusiwa kupitisha hadi wati 600, na kwa volti 12 hiyo ni ampea 50 zinazogawanywa kwenye pini sita, yaani zaidi kidogo ya ampea 8 kila moja. Pini ikilegea, ukinzani wake hupanda na joto huongezeka. Joto nalo huilegeza zaidi. Pawa saplai haizimi, kwa kuwa jumla ya umeme unaopita haijazidi kiwango.

Nahodha: Basi kosa ni la anayeunga. Plagi ikizama vizuri haiungui.

Fundi Makini: Sikubaliani nawe hata kidogo. Picha za plagi zilizoyeyuka zilienea mwaka 2022, kadi za grafiki za RTX 4090 za Nvidia zilipoanza kuuzwa, na mwaka 2023 muundo rasmi wa plagi hiyo ulirekebishwa ukaitwa 12V-2x6, ambamo pini ndogo za kutambua zilifupishwa ili plagi isiyozama isiruhusu umeme mwingi. Kama muundo ungekuwa hauna dosari, ungerekebishwa kwa nini?

Nahodha: Umerekebishwa kwa sababu watu hawasukumi plagi hadi mwisho. Umethibitisha nilichosema.

Bibi Saketi: Msisahau adapta za kutoka Molex (plagi ya zamani ya pini nne) kwenda SATA (plagi ya umeme ya diski), hasa zile ambazo waya zake zimezibwa kwa plastiki ya kumiminwa. Yangu ilishika moto ikaondoka na diski. Upande wa volti 12, plagi ya SATA ina pini tatu za ampea 1.5 kila moja, sawa na wati 54 tu, lakini wapo wanaoilishia kadi ya grafiki kupitia raiza, kile kiunganishi kinachoiweka kadi mbali na mazabodi.

Kisiki: Mimi huchomoa na kuchomeka upya plagi zote kila mwezi.

Fundi Makini: Usifanye hivyo kwa plagi ya pini 16, imekadiriwa kuchomekwa mara 30 tu. Itazame kwa tochi, uhakikishe hakuna mwanya kati yake na soketi, na usiikunje waya karibu na shingo.

Mlinzi wa Zamu: Je, kadi yangu inaweza kupona?

Bibi Saketi: Ikiwa ubao haujaungua, fundi mwenye mashine ya hewa moto anaweza kubadilisha soketi. Badilisha na waya pia, kwa sababu pini iliyoungua itaichoma soketi mpya, na usiazime waya wa pawa saplai nyingine hata kama unaingia, maana mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana.