Tupeane uzoefu: PCOS na dawa za mitishamba, nani zimemsaidia?

Wadada wa Nyanda za Juu, hamjambo? Hapa Mbeya ukipita Mwanjelwa hukosi spika inayotangaza dawa ya "kusafisha kizazi na kuyeyusha uvimbe kwenye mayai". Mimi nina PCOS, yaani mvurugiko wa homoni unaogusa ovari: hedhi inaruka miezi na ndevu zinaota. Nawasubiri waliotumia. Wauzaji, msinifuate inboksi.

Mama Pacha, Iringa: Mimi ni nanaa, naichuma uani hapa Kihesa, nakunywa chai yake asubuhi na jioni. Ndevu hazijaisha ila nanyoa kwa nadra. Mfamasia aliniambia yapo majaribio madogo ya Uturuki na Uingereza ambapo nanaa ilishusha homoni ya kiume, lakini yalikuwa ya muda mfupi mno kwa nywele kubadilika. Hedhi yangu je? Iko vilevile.

Binti Rungwe: Mama mkwe alinipa uwatu na mdalasini, nami niko kwenye metformin, ile dawa ya kisukari tunayopewa pia wenye PCOS. Weee, niliharisha! Daktari akasema metformin yenyewe inaharisha, uwatu nao hivyo hivyo, na vyote vinashusha sukari. Mwambieni daktari mnachokunywa, hata kama atanuna.

Wa Makambako: Mizizi ya chupa, haina jina wala kipimo. Damu ilitoka nyingi, muuzaji akashangilia, "uvimbe umeyeyuka huo!" Altrasaundi ikaonyesha vidoti vilevile. Kumbe si uvimbe, ni vifuko vya mayai yasiyokomaa. Sasa ameyeyusha nini?

Nesi fulani: Pole mwaya. Wengi wenu insulini iko juu, nayo inaisukuma ovari itoe homoni ya kiume kupita kiasi. Ndiyo maana kupunguza hata asilimia 5 ya uzito huwarudishia baadhi hedhi. Anayetafuta mtoto, dawa inayotangulia siku hizi ni letrozole. Na msikae miezi na miezi bila hedhi mkingoja mizizi: ukuta wa mfuko wa uzazi unanenepa, na hapo saratani hupata nafasi.

Wa Makambako: Nesi, kwa baridi hii na viazi vyetu, uzito utapungua saa ngapi?

Nesi fulani: Viazi kula, ila visijaze sahani. Maharage na mboga ndiyo vizidi.

Mwanzisha mada: Nimeambiwa homoni zinapimwa siku za mwanzo za hedhi. Mimi ambaye haiji?

Nesi fulani: Pima mimba kwanza. Kama haipo, daktari anaweza kukupa vidonge vya kuleta hedhi, kisha upime homoni.