Shupaza nne tayari, nilitupa. Nilikosea?

ReeNaSaba:
Wakuu, naombeni msaada. Poka ya limiti, dau ni chipu 2 raundi mbili za mwanzo, kisha 4. Tuliingia wanne, mezani 8. Mimi wa mwisho kuamua, nina ree na 7 za shupaza. Mezani zikafunguliwa karata za wote: mfalme na 4 za shupaza, na 9 ya uru. Wa kwanza akaweka 2, wa pili akafuata, wa tatu akatupa, nikafuata. Karata ya nne: 3 ya kopa. Wa kwanza akaweka 4, wa pili akafuata. Nikaona dau limekuwa maradufu na imebaki karata moja tu, nikatupa. Ya tano ikawa shupaza, ningepata flashi (karata tano za alama moja)! Tangu jana inanikera.

Tisa_Nje:
Mkuu, hiyo shupaza ya mwisho isahau. Hata ingekuja kopa, kutupa kungebaki kosa. Umeona karata 6, zimebaki 46, na 9 kati yake ni shupaza. Unakosa mara 37 kwa kila mara 9 unazopata, kama 4.1 kwa 1. Mezani zilikuwa 14, wakaongeza 8: unalipa 4 kugombania 22, yaani 5.5 kwa 1. Unalipwa vizuri kuliko hatari unayobeba. Kwenye limiti hakuna wa kukurundikia chipu zake zote ili ukimbie. Mimi nilitoka kwenye poka isiyo na limiti na woga huo ulinikaa miezi.

Tena ungepandisha pale karata tatu zilipofunguliwa. Flashi hufika kama mara 35 katika 100 ukiona karata zote mbili zilizobaki, na mko watatu, kila mmoja anachangia theluthi tu, pungufu ya hizo 35. Mara nyingi pia wanakuogopa, wanapitisha raundi inayofuata, nawe unaiona ya tano bure.

Mfuatiliaji:
Sawa, lakini ree ndiyo iliyomlinda. Angekuwa na 7 na 6 za shupaza, flashi yake ingeweza kukuta kubwa zaidi. Na mezani pakitokea 9 mbili, angalia ful hausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine), inaishinda flashi.

ReeNaSaba:
Asanteni sana. Na mfululizo (karata tano zinazofuatana) unaokosa karata ya katikati?

Tisa_Nje:
Hapo zinazokufaa ni 4 tu, 42 hazikufai. Kwa dau la 4, mezani pawe na chipu 42 hivi, au pungufu kidogo kama una hakika watakulipa tena ukiipata. Jana palikuwa na 22. Tupa.