Mbolea ya mitende inayostahimili baridi: samadi, chembechembe au ya maji?

Mpanzi_Mgeni: Nina mitende miwili ya aina ya Trachycarpus fortunei, ambayo ikishakomaa huhimili baridi ya kama nyuzi 15 chini ya sifuri. Mmoja umeanza kuingia madoa ya manjano na rangi ya chungwa kwenye makuti ya chini, na ncha zake zinakauka, ilhali kuti changa linachomoza likiwa na kijani kizuri. Je, niupe samadi, mbolea ya chembechembe inayoyeyuka polepole, au ya maji?

Mzee_wa_Mboji: Mwenzangu, mimi ni mtu wa samadi, mradi iwe imeoza kabisa, kwa sababu mbichi huunguza mizizi. Hulainisha udongo na kutunza unyevu, mambo ambayo mbolea ya dukani haiwezi kuyafanya. Itandaze juu ya udongo bila kuigusisha na shina.

Jicho_la_Kuti: Namheshimu Mzee, lakini dalili hizo zinahitaji zaidi ya samadi. Potasiamu inapopungua, mtende huinyonya kutoka makuti makuukuu na kuipeleka kwenye machanga, ndiyo maana madoa yameanzia chini. Ingekuwa upungufu wa magnesiamu, ungeona ukanda mpana wa manjano pembezoni mwa kuti na kijani katikati. Na manganizi ikikosekana, kuti jipya ndilo lingetoka dhaifu na kujikunja. Kwa hiyo nachagua chembechembe za polepole. Kwa udongo wa kichanga wa kwao, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida wamependekeza uwiano wa 8-2-12, yaani naitrojeni 8, fosforasi 2 na potasiamu 12, pamoja na magnesiamu 4. Hakikisha kwamba potasiamu yenyewe pia imefunikwa ili iyeyuke polepole, kwani mifuko mingine hufunika naitrojeni peke yake, na potasiamu huoshwa na mvua za mwanzo. Tafadhali usitumie mbolea iliyotengenezwa kwa ajili ya nyasi za bustani: naitrojeni yake nyingi huusukuma mti kukua na kuuzidishia njaa ya potasiamu.

Mwenye_Vyungu: Ya maji naitumia kwenye vyungu tu, ambako mizizi imebanwa na ninaweza kurudia mara kwa mara, ardhini hupita upesi. Jambo ninalolisisitiza ni wakati. Anza udongo unapopata joto, kisha acha wiki 6 hadi 8 kabla ya jalidi ya kwanza, ili mti usiingie kwenye baridi ukiwa na makuti mororo. Mtende wa shina moja una kichomozi kimoja tu, yaani ncha ya juu inayotoa makuti mapya, na kikiganda na kuoza, hauoti kingine.

Mzee_wa_Mboji: Nimekubali hoja ya potasiamu. Basi chembechembe zitangulie, samadi ifuate juu yake.

Mpanzi_Mgeni: Nawashukuru sana. Je, yale makuti yenye madoa niyakate?

Jicho_la_Kuti: Hapana, ndugu yangu, usiyakate hadi yakauke kabisa. Bado yanaulisha mti, na ukiyaondoa, mti utaanza kuichota potasiamu kwenye makuti ya juu yake. Madoa hayatafutika, utajua mbolea imefanya kazi pale makuti mapya yatakapozeeka bila kuyapata, na hilo linaweza kuchukua zaidi ya mwaka mmoja.