Nyumba ya milioni 68 Isyesye, Mbeya: nilipie mhandisi aikague au macho yangu yanatosha?

Mnyalukolo_Mtaani: Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nimepata nyumba Isyesye, vyumba vitatu, tofali za kuchoma, ipo kwenye mteremko. Tumeelewana milioni 68. Upekuzi wa hati kwa Msajili umetoka safi, na mke wa muuzaji ameridhia kwa maandishi. Kinachonitatiza ni jengo lenyewe. Limepakwa rangi mpya ndani na nje, linang'aa. Rafiki yangu anasema nimpe mhandisi laki nne alikague kwanza. Dalali ananicheka: nyumba imesimama miaka 12, ianguke leo? Naombeni ushauri.

Kanyaga_Twende: Laki nne ni mifuko mingapi ya saruji? Mkuu, Mbeya unanunua kiwanja, nyumba utarekebisha taratibu. Mpeleke fundi wako, mnunulie chai, imetosha.

Fundi_Mkanda: Rangi mpya kwenye nyumba inayouzwa, mimi hapo hapo nasimama. Siyo lazima iwe hila, watu hupamba mali yao, ila rangi na skimu (ule ulaini unaopakwa juu ya plasta) hufunika nyufa miezi kadhaa tu. Ufa mwembamba wa plasta usikutishe. Uogope unaoanzia pembe ya dirisha ukashuka kimshazari, hasa ukipita kwenye tofali lenyewe.

Na umesema mteremko. Hapo ndipo penye kesi. Huku kwetu wengi hukata udongo upande wa juu na kuujaza upande wa chini, halafu msingi unakaa nusu kwenye ardhi ngumu, nusu kwenye kifusi. Masika yakija kifusi kinashuka, upande ule unafuata. Mwambie mhandisi achimbe kidogo pembeni ya msingi upande wa chini aone umekalia nini. Muuzaji akikataa kuchimbwa, umeshapata jibu bila kulipa laki nne.

Mama_Pacha_Iringa: Kaka, apande na darini. Sisi hapa Iringa tulikuta kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimeliwa na mchwa, hazikupigwa dawa, na chini dari ya gypsum nyeupe kama theluji. Muuzaji alipooneshwa picha alipunguza milioni tatu bila kelele. Fungueni bomba zote kwa pamoja, mwage ndoo kadhaa chooni. Na uulize majirani shimo la choo hunyonywa mara ngapi, muuzaji hatakwambia.

Kanyaga_Twende: Haya, la kenchi nimelikubali. Bado laki nne nyingi.

Fundi_Mkanda: Basi bei mjadiliane. Ila mkaguzi asiletwe na dalali, maana huyo dalali analipwa nyumba ikiuzwa. Akuandikie ripoti yenye picha. Kama nyuma kuna mto, pimeni pia: sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni.

Mnyalukolo_Mtaani: Asanteni sana. Mto upo mbali. Ila upande wa chini, nje, msingi umezungushiwa zege jipya, nilidhani ni urembo. Nampigia mhandisi kesho. Tatizo dalali anadai kuna mteja mwingine anakuja na fedha taslimu Jumamosi.

Mama_Pacha_Iringa: Huyo mteja wa Jumamosi na sisi tuliambiwa yupo. Kagua kwanza, kaka.