Wakuu naombeni ushauri: upanga niliomtungia mchezaji umeiua kampeni, naupunguzaje bila ugomvi?

Mlezi wa Meza: Habari za humu wakuu. Naendesha meza ya D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi ndefu, yaani kampeni, kwa kurusha kete) hapa Dar, wachezaji watano, tunatumia toleo la tano lile la 2014, dunia nimeitunga mwenyewe, kisiwa chenye mji wa mawe kama Kilwa ya zamani na jumba kuu nimelichora nikifuata Husuni Kubwa, yale magofu ya jumba la sultani wa Kilwa, mpaka lile birika la pembe nane. Sasa kuna mpiganaji wa levo ya 5 nilimpa upanga wa kujitungia, na toka aupate wenzake wamebaki watazamaji, akishapiga yeye hakuna cha kufanya. Juzi joka jekundu changa limekufa raundi ya tatu tu, nililiandaa wiki nzima. Jumamosi tunacheza tena na nimeshaandika tukio, upanga unaibiwa usiku wakiwa wamelala kambini. Swali langu ni moja, huo wizi niuwekee ugumu namba ngapi, yaani kete ifikie ngapi, ili ufanikiwe lakini usionekane umepangwa? 15 au 20?

Fundi Kete: Kabla ya mwizi, upanga wenyewe unafanyaje kazi? Weka kanuni yake hapa. Na kama hujawahi kuingia AnyDice ingia leo, ni bure, unaandika kete zako inakuchorea wastani na uwezekano wa kila namba. Mimi silaha ya kujitungia haifiki mezani kwangu bila kupita pale kwanza.

Mlezi wa Meza: Ni upanga mrefu wa kawaida, madhara d8, yaani kete ya pande nane. Ila kila pigo likiingia unaongeza d6, kete ya pande sita, pigo la kwanza d6 moja, la pili mbili, la tatu tatu, inaendelea hivyo hadi pambano liishe ndo inarudi sifuri. Hauna kingine.

Mtoto wa Kusini: Umenigusa na Husuni Kubwa. Mimi nimevuka pale kwa boti kutoka Kilwa Masoko, jumba liko juu ya genge linaangalia bahari, unasimama kwenye yale magofu unaelewa kwanini yule msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika 1331 aliusifia sana huo mji. Ushauri wangu achana na joka mkuu, bahari ile inataka majini, na mwizi wako mtoe baharini, apande kutokea ufukweni maji yamejaa.

Mama Kampeni: Mwanangu, swali la namba ya ugumu ni dogo. Ukimnyang'anya mchezaji kitu ulichompa kwa mkono wako bila kumwambia, hatokumbuka hadithi, atakumbuka kwamba ulimfanyia hila. Meza yangu ya kwanza ilikufa hivyohivyo, mtu alinyang'anywa fimbo yake, hakusema neno, wiki iliyofuata akawa "ana kazi", na mwenzake naye akawa na kazi, tukabaki wawili na kete zetu. Mwite pembeni mwambie nimekosea vipimo, tuurekebishe pamoja. Kwanini hutaki kumwambia?

Mlezi wa Meza: Sio kwamba sitaki mama, mazingira hayaruhusu.

Fundi Kete: Mazingira gani? Ni mchezaji mwenzio, sio hakimu.

Mlezi wa Meza: Ok ngoja niseme. Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tunachezea sebuleni kwake Tabata, vile vitabu vitatu kanunua yeye, kete kanunua yeye, hata mkeka wa miraba ni wake, sisi wengine tunakuja na vizibo vya soda vya kuwekea maadui. Upanga nilimpa wiki ileile alipoleta vitabu, na msianze habari za rushwa, ilikuwa asante, mtu kajitoa lazima umuonyeshe. Na huo wizi hauna ubaya mnaodhani kwa sababu mwizi sio mhusika wangu, ni wa mke wangu. Yeye anacheza mwizi toka mwanzo, nimeshamueleza kakubali, kwahiyo ikitokea itakuwa mambo ya dada na kaka yake, mimi nimekaa pembeni nahesabu kete.

Kizibo: 😂😂 Yaani umetuma mkeo akamuibie kaka yake, ndani ya nyumba ya huyo kaka, halafu bado unategemea kupewa chai ya maziwa mapumziko. Mkuu wewe ndo joka la hiyo kampeni.

Mama Kampeni: Hapo sasa umeniumiza. Unamuweka mkeo katikati ya wewe na nduguye kwa ajili ya d6. Michezo inaisha saa nne usiku, ushemeji hauishi.

Mkaguzi: Hii ni chai, na nitawaonyesha. Joka jekundu changa lina ulinzi 18, yaani namba ya kufikia ili pigo liingie, na uhai 178. Mpiganaji wa levo ya 5 anaongeza 7 kwenye d20, kete ya pande ishirini, kwahiyo anahitaji 11 kwenda juu, nusu ya mapigo yanakosa. Raundi tatu, mapigo mawili kila raundi, weka na ule uwezo wa kurudia zamu mara moja, jumla mapigo 8, yanaingia 4. Hizo d6 ni 1+2+3+4, yaani kumi, wastani 35. Jumlisha d8+4 za upanga na nguvu mara nne, 34. Jumla 69. Hizo 109 zilizobaki kazipiga nani kama wenzake ni "watazamaji"? Mara shemeji, mara mke mwizi, hii ni tamthilia ya saa tatu usiku wakuu, tusipoteze bando.

Kizibo: Mkaguzi katoa risiti. Mwenye uzi jitokeze.

Mtoto wa Kusini: Hata mimi nimeanza kujiuliza, ila ramani ya birika siamini mtu ataitunga bure.

Mlezi wa Meza: Jamani sijatunga kitu, nitunge ili nipate nini? Kuna kipengele sijakiandika kwa sababu nilijua mtarukia hicho. Ndani ya upanga kuna jini, linamuelekeza mkono, kwahiyo kila shambulio anarusha d20 mbili anachukua ya juu. Kila shambulio. Hicho sitaki kukitoa, ndo roho ya upanga, hadithi yote ya kisiwa imejengwa juu ya hilo jini.

Fundi Kete: Haya, basi tatizo lako ndo hilo. Ukirusha mbili ukachukua ya juu, ile nusu inakuwa asilimia 75. Mapigo 8 yanaingia 6, d6 zinakuwa 21, wastani 73 na nusu, jumlisha 51 za upanga na nguvu, karibu 125. Wanne waliobaki wanagawana 53. Mkaguzi, sio chai, alificha mstari mmoja.

Mkaguzi: Sawa, hesabu imekaa, chai nafuta. Ila joka linaruka futi 80 na lina pumzi ya moto ya 16d6, yaani d6 kumi na sita, lilikaa chini kufanya nini?

Mlezi wa Meza: Lilikuwa ukumbini, dari liko chini.

Mkaguzi: Litoe nje. Na lisije peke yake, adui mmoja dhidi ya watu watano anazidiwa zamu hata bila upanga.

Fundi Kete: Upanga fanya hivi. D6 zisivuke mbili, maana Flame Tongue, upanga wa moto wa kwenye kitabu, ndo inaongeza 2d6 kila pigo na inahesabiwa adimu. Jini libaki, ila limuelekeze mkono mara moja tu, mpaka alale ndo mara nyingine. Andika upya kwenye tovuti ya Homebrewery ionekane kama ukurasa wa kitabu, mpelekee shemeji mkononi. Na kuhusu vitabu vyake, kanuni za msingi, ile SRD 5.1, ziko bure chini ya leseni huria ya Creative Commons toka Januari 2023, joka lako limo na Flame Tongue imo. Ramani tumia Owlbear Rodeo kwenye simu. Mnaweza kucheza popote.

Mlezi wa Meza: Popote hapana, kwa shemeji kuna nafasi na watu wamepazoea. D6 mbili nimekubali. Jini nataka limsaidie mara mbili, sio moja, na ile ya pili limdai kitu, damu au kumbukumbu, hapo natengeneza hadithi. Nitampigia kesho nimueleze.

Mama Kampeni: Mpigie leo. Na mkeo umwambie mpango umefutwa, asije Jumamosi akarusha kete za wizi.

Mtoto wa Kusini: Ramani ya jumba iweke hapa mkuu, nina kikundi Mtwara wanaitaka.